Herufi Mbili za Mwalimu Kagure

Habari kwamba mkaguzi anakuja ilifika mtaa wa Majengo, mjini Nyeri, kabla ya kufika shuleni. Karani mmoja wa ofisi ya elimu alikuwa na mazoea ya kunywa chai kwa Faduma kila asubuhi, kwenye kibanda chake hatua chache kutoka msikitini, na karani yule, Mungu amsamehe, hakuwahi kulala na neno tumboni. Kufikia saa nne Faduma alikuwa amemwambia fundi Moffat. Moffat, ambaye cherehani yake ilikaa barazani pa ploti yao ya vyumba vya kupanga, alikuwa amemwambia kila aliyekuja kupimwa suruali. Basi Kagure aliporudi jioni, viatu mkononi kwa sababu ya matope ya mwezi wa saba, alikuta watu saba wamesimama mlangoni pa chumba chake wakingoja kumpa habari yake mwenyewe.

"Mwalimu, unakuja kuangaliwa!" Moffat alisema kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi.

"Alhamisi ya wiki ijayo," Faduma akaongeza. "Anaitwa Mutahi. Ana gari ya serikali, na chai yake hataki sukari nyingi."

"Sukari yake inanihusu nini, Mama Bile?" Kagure akamuuliza Faduma.

"Mimi nakupa yote niliyopewa. Utachagua mwenyewe."

Kagure alicheka, akaviweka viatu mlangoni. Alikuwa ameingoja Alhamisi hiyo miaka tisa.

Alianza kufundisha mwaka wa sitini na mbili, ng'ambo ya mto Chania, kwenye shule ya mbao yenye madirisha yasiyo na vioo. Alikuwa amemaliza darasa la nane akiwa msichana mzima wa miaka kumi na tisa, kwa maana ile miaka ya Emajensi, ya vita vya Mau Mau, ilikuwa imekula shule pamoja na mengine mengi. Walimu walikuwa haba. Mwalimu mkuu, Hezekiah Wamae, alimtazama mwandiko, akamsikiliza akisoma ukurasa mmoja wa Kiingereza, akampa chaki. Uhuru ulikuja, madirisha yakapata vioo, na Kagure bado alikuwa na chaki ile ile.

Shida ilikuwa karatasi iliyobandikwa ukutani ofisini. Juu yake majina ya walimu wote yalipangwa, na mbele ya kila jina cheo chake cha chuo: P1, P2, P3. Mbele ya jina la Kagure Kahiga paliandikwa U.T., yaani "untrained teacher", mwalimu ambaye hajapitia chuo. Wazazi waliokuja kulipa ada walikuwa wanaisoma. Watoto wa darasa la saba walikuwa wanaisoma. Siku moja kanisani mama mmoja alimuuliza mwenzake, bila ubaya wowote, mtoto wako anafundishwa na nani, na akajibiwa, "Na yule wa U.T." Kagure alikuwa ameketi benchi la mbele yao.

Sasa ofisi ilikuwa imetoa neno. Vyuo vilikuwa vinatoa vijana wengi kila Desemba, na hao wasiopitia chuo wangeondolewa mwisho wa mwaka. Ila tarafa yao ilipewa nafasi moja ya kumpeleka U.T. mmoja chuoni, Januari, kwa gharama ya serikali. Mkaguzi angekaa nyuma ya darasa dakika arobaini, na ripoti yake ndiyo ingeamua. Wengine wawili walikuwa wameshakaguliwa, na yule karani alisema hawakung'ara. Kagure angetoka kwenye darasa lile akiwa njiani kuwa mwalimu kamili, au akiwa si mwalimu kabisa.

Somo alilopangiwa kwenye ratiba ya siku ile lilikuwa Kiingereza, darasa la sita: vile viungo vidogo vinavyobandikwa mbele ya neno na kuligeuza maana.

Alilipenda somo lile. Alikata maboksi ya sabuni kwa mkasi wa Moffat, akaandika kwa wino mweusi. Kadi kubwa zilikuwa za maneno: HAPPY, TIE, AGREE, OBEY, APPEAR, CORRECT, POSSIBLE, WRITE, UNDERSTAND. Kadi ndogo zilikuwa za vile viungo: UN, DIS, IN, IM, RE, MIS. Jioni, jiko likiwa katikati ya uwanja na kila mtu na kigoda chake, aliwafanya majirani wawe darasa la sita.

"'Tie' ni kufunga, kama kufunga ng'ombe. Sasa nikimweka UN hapa mbele?" Alisogeza kadi ndogo. "'Untie.' Ng'ombe amefunguliwa."

"Ameenda zake kwa shamba ya watu," Moffat akasema.

"'Happy' ni mwenye furaha. UN akija?"

"Furaha imeisha," Faduma akajibu huku akipepea jiko. "Huyo UN ni kama mke mwenza. Anaingia kwa mlango wa mbele, mdogo hivi, na nyumba yote inageuka."

Watu walicheka hadi mtoto aliyekuwa amelala chumba cha pili akaamka kulia.

Kagure aliweka AGREE. "Hili ni kukubaliana. Sasa hapa UN hafai. Ni DIS. 'Disagree.'"

"Ngoja, ngoja," Faduma akasema. "UN anakataa, DIS anakataa, na huyo IN pia nasikia anakataa. Kazi moja, watu watatu? Kwa nini wasiajiri mmoja?"

"Kila neno lina wake, Mama Bile. Limeshaolewa. Huwezi kuliozesha kwa mwingine."

"Na huyu MIS?"

"MIS hakatai. Huyo anafanya, lakini anafanya vibaya. 'Understand' ni kuelewa. 'Misunderstand' si kutoelewa. Ni kuelewa, ila umeelewa upande ambao sio."

"Huyo namjua," Faduma akasema. "Nilizaa naye."

Moffat hakungoja kicheko kiishe. Alisimama, akainua koti alilokuwa analishona. "Sasa mniangalie mimi. Nikishona vizuri, nime-shona. Nikiharibu, nime-misshona. Mteja akikuja na maneno mingi, nakaa chini na wembe, na-unshona. Halafu na-reshona. Na akikataa kuchukua koti yake?"

"Disi-mteja!" watu wakaitikia kwa pamoja.

Kagure alicheka mpaka akafuta machozi. Moffat, akiwa amenogewa, akauliza kile ambacho wengine walikuwa wanakizunguka. "Na wewe, Mwalimu, ile ya ukutani. Wakikutuma chuo, wanatoa hiyo UN?"

"Wanaitoa," Kagure akasema. "Ni herufi mbili tu."

Adhana ya magharibi ikaanza, Faduma akainuka kwenda kutawadha, na darasa likavunjika.

Wakati huo watoto wake wa kweli, arobaini na watatu, walikuwa wameshalielewa somo vizuri kiasi. Thelathini hivi walikuwa wanajibu bila kusita. Kumi na watatu walikuwa bado wanakisia. Waliweka UN kila mahali kama chumvi: unagree, unpossible. Ungempa Kagure mwezi mmoja zaidi angewavusha wote, alikuwa na hakika hiyo, ila mwezi hakuwa nao.

Aliyejua kuliko wote ni msichana mmoja aliyeitwa Ngendo. Alikaa benchi la pembeni, shingo nyembamba, sauti ya kunong'ona. Ngendo alizaliwa wa mkono wa kushoto. Mwalimu wake wa darasa la kwanza alikuwa ameufunga mkono huo kwa kitambaa nyuma ya kiti muhula mzima hadi akajifunza kuandikia wa kulia, na aliandika vizuri, lakini akifurahi au akishtuka mkono wa kushoto ulitangulia wenyewe. Kagure hakuwahi kumchapa kwa hilo. Alimwambia tu, "Nimekuona, Ngendo," na Ngendo alijibu, na jibu lilikuwa sahihi.

Siku ya Jumatatu Hezekiah Wamae alimwita ofisini, akafunga mlango. Alikuwa mzee wa kanisa, mpole, mtu wa kukung'uta chaki kwenye koti lake kila baada ya sentensi.

"Binti yangu, umejiandaa?"

"Nimejiandaa, Mwalimu."

"Wangapi wataweza kujibu?"

"Thelathini. Pengine thelathini na wawili."

Hezekiah akatikisa kichwa. "Thelathini si arobaini na watatu. Mkaguzi akiuliza swali haangalii mikono iliyo juu, anaangalia iliyo chini. Sikiliza, nikupe kitu ambacho kila aliyepitia chuo anacho." Akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Waambie wainue mkono wote, kila swali. Anayejua, mkono wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Wewe unachagua wa kulia tu. Yeye kule nyuma anaona msitu wa mikono."

Kagure aliutazama mlango uliofungwa. "Si ni kudanganya, Mwalimu?"

"Ni kupanga darasa," Hezekiah akasema, akakung'uta koti. "Wenzako wote walipanga hivyo. Kwa nini wewe peke yako uende uchi?"

Maneno hayo yalimkaa. Alikuwa amekosa mengi kwa kutopitia chuo. Sasa mtu alikuwa anamkabidhi kipande kimoja cha chuo bure, mkononi, naye akaona ataonekana mjinga asipokipokea.

Akawafundisha. Watoto walilipenda jambo hilo, walilichukua kama mchezo. Jumanne kijana mmoja aliinua wa kushoto kisha, Kagure alipomkosea akamwita, akapaza sauti kwa fahari: "Unappear!" Darasa likaanguka kwa kicheko. Kagure akaona jinsi kitu kile kingeweza kumharibikia.

"Sikilizeni," akasema. "Ukiinua wa kushoto, hujibu. Unanyamaza."

"Na mkaguzi akituuliza?" mtoto mmoja akauliza.

"Hatawauliza."

"Na akituuliza?"

"Nyamaza. Aliyeinua wa kushoto hafungui mdomo, hata aulizwe na nani. Mmenisikia?"

"Ndiyo, Mwalimu," wakaitikia wote, na Ngendo akiwemo.

Ngendo alikuwa amekosea mikono mara tatu siku hiyo. Kagure akachukua uzi mwekundu wa sweta, akamfunga kwenye kifundo cha mkono wa kulia. "Huu wenye uzi ndio wa kuinua. Usiufungue mpaka Ijumaa." Ngendo akautazama uzi kama saa mpya. Jumatano nzima hakukosea hata mara moja.

Alhamisi ilikuja na ukungu mzito, ile baridi ya Nyeri inayoingia hadi kwenye chaki. Faduma alimletea Kagure chai mlangoni kabla hajavaa. Moffat alikuwa amelipiga pasi rinda la Kagure la bluu, hakutaka malipo. "Nenda ukatoe hiyo kitu mbele ya jina," akamwambia.

Mutahi alikuwa mtu mwembamba mwenye kikohozi kikavu na miwani aliyoifuta kwa tai. Aliwasalimu watoto kwa upole, akaenda kuketi nyuma, daftari juu ya goti. Kagure akaanza.

Na alifundisha. Yeyote aliyekuwa pale angekwambia. Alimleta ng'ombe akafungwa na kufunguliwa. Alimtuma mtoto atoke mlangoni, "disappear", akamrudisha, "reappear", na Mutahi mwenyewe akatabasamu. Kadi ndogo zilitembea mbele ya kadi kubwa, na kila alipouliza swali mikono arobaini na mitatu iliruka juu. Alichagua wa kulia, na majibu yakaja. Kwa nusu saa nzima hakukumbuka hata kidogo karatasi ya ukutani.

Kisha akaona mkono wa Ngendo. Ulikuwa juu, umenyooka, na ulikuwa wa kushoto.

Kifundo cha kulia, juu ya dawati, kilikuwa kitupu, kinang'aa kidogo kwa mafuta ya kujipaka. Baadaye alikuja kujua kwamba mama yake Ngendo alikuwa amemwogesha kwa ajili ya mgeni, akamsugua hadi shingo, akaukata uzi ule kwa kisu akidhani ni uchafu wa michezo ya watoto. Wakati ule Kagure alijua tu kwamba hawezi kumwita. Akamwita mwingine.

Mutahi akasimama. "Naweza kuuliza mimi, Mwalimu?"

"Karibu, Bwana."

Alitembea hadi mbele polepole, akachukua kadi ya APPEAR, akaiinua. Mikono yote ikaenda juu. Aliitazama muda mrefu, benchi kwa benchi, akikohoa. Halafu akasema kwa Kiingereza cha taratibu, ili kila mtoto aelewe, kwamba walioinua mkono wa kulia waushushe.

Wakaushusha. Mikono kumi na minne ya kushoto ikabaki hewani.

"Wewe," akamwambia wa kwanza.

Kimya.

"Wewe."

Kimya. Mtoto aliangalia kucha zake. Alikwenda hivyo, mmoja baada ya mwingine, bila hasira, kama mtu anayehesabu nguzo za ua. Kumi na watatu walinyamaza kama walivyofundishwa. Akafika benchi la pembeni.

"Na wewe, mama? Tuweke nini mbele ya hili neno?"

Kagure aliona midomo ya Ngendo ikijikunja kwenye herufi ya kwanza. Alijua. Alikuwa na jibu pale nyuma ya meno, na pengine jingine la akiba. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa bado juu, na aliyeinua wa kushoto hafungui mdomo, hata aulizwe na nani. Ngendo akageuza macho, akamtazama mwalimu wake. Alikuwa anaomba ruhusa. Kichwa kikiinama kidogo tu, ingetosha.

Kagure akafikiria: nikimruhusu, mkaguzi ataona kwamba nilikuwa nimewafunga midomo. Nikinyamaza, atadhani ni watoto waoga. Aliyafikiria hayo kwa muda mfupi kuliko wa kufuta ubao. Akaangalia dirishani, kwenye ukungu.

Ngendo akameza jibu lake. Mkono ukashuka polepole.

"Asanteni, watoto," Mutahi akasema.

Ofisini Hezekiah alimimina chai, akasahau sukari, kisha akakumbuka kwamba ana wadudu wa viazi wa kuangalia shambani, akatoka. Kagure alibaki amesimama. Mutahi akafuta miwani.

"Keti, Mwalimu. Hiyo ya mikono hata mimi niliitumia, nilipokuwa nafundisha shule ya Chaka. Mkaguzi wangu alikuwa Mzungu, hakuijua. Alinisifu sana." Akakohoa. "Kwa hivyo niliiona mapema. Na somo lako lilikuwa zuri, sikufichi, zuri kuliko la hao wengine wawili. Nikajiambia ngoja. Pengine ni mikono ya watoto tu, wanainua wowote. Kama hata mmoja wa kushoto angenijibu, ningejiambia nimeona vibaya, ningeandika niliyoyaona kabla ya hapo. Hata mmoja."

Kagure akaketi. "Yule msichana wa mwisho anajua," akasema. "Anajua yote. Anajua kuliko wote."

"Mbona hakujibu?"

Alikuwa anaweza kusema ni haya, au ni baridi, au ni kukutana na mgeni. Alichoka ghafla.

"Nilimwambia asijibu."

Mutahi akafunga daftari, akalikaza kwa lastiki. "Ya mikono ningeweza kuisamehe," akasema. "Hiyo nyingine sijui nitaiandika vipi." Hakuigusa chai.

Kule Majengo walikuwa wamengoja tangu saa tisa. Faduma alikuwa amekaanga mandazi beseni zima, na watu wa ploti ya pili walikuwa wamekuja na vigoda vyao, kwa maana habari njema ni ya kila mtu. Kagure alipoingia langoni, Moffat aliacha cherehani katikati ya mshono.

"Mwalimu! Tumetoa UN?"

Nyuso zote zilimgeukia, na mvuke wa chai, na watoto wenye mafuta ya mandazi hadi masikioni. Hakuweza kuwaambia.

"Barua itakuja," akasema.

"Itakuja na gari!" Moffat akapiga kelele, na watu wakashangilia. Wakamkalisha kwenye kigoda kizuri. Faduma peke yake alimtazama mara mbili, akamwekea chai mkononi, akakaa karibu naye bila kusema neno, jambo ambalo kwa Faduma lilikuwa si la kawaida. Kagure alikula mandazi mawili. Alicheka palipokuwa na kicheko.

Kesho yake Ngendo alimfuata hadi mlangoni pa darasa. "Mwalimu, nilinyamaza," akasema, kwa ile sauti ya kunong'ona. Alikuwa anangoja kusifiwa.

"Ndiyo," Kagure akasema. "Nenda ukacheze."

Alikusudia kumwambia zaidi. Kila wiki alikusudia. Lakini muhula wa tatu ulikuwa na mtihani na mavuno na homa ya mafua, na kila alipomwona pale pembeni, mikono yote miwili juu ya dawati, alijisikia ana jambo la haraka mahali pengine.

Barua ilikuja Novemba, kabla mvua hazijakatika. Aliifungulia uani kwa sababu chumbani palikuwa na giza, na watu wakamzunguka. Ilikuwa na mistari sita ya Kiingereza. Ofisi ilikuwa "unable", haiwezi. Kazi yake ilikuwa "discontinued", imekatishwa, kuanzia mwisho wa Desemba. Madai yoyote yangehesabiwa "invalid", batili, baada ya siku thelathini. Alijikuta anavitazama vile viungo vyake vitatu, kila kimoja mbele ya neno lake, kimekaa sawasawa kama alivyofundisha.

"Inasema nini?" Faduma akauliza.

Akawaeleza. Hakuficha kitu safari hii, si ya mikono, si ya Ngendo. Alipomaliza hakuna aliyemtania. Moffat aliokota uzi uliokuwa umeanguka, akauzungusha kidoleni.

"Lakini sisi tutakuita tu Mwalimu," akasema.

Na walimwita hivyo hadi Krismasi. Baada ya hapo, polepole, bila mtu kukusudia, akawa Kagure wa chai. Faduma alikuwa amepata oda ya maziwa kutoka kwa jamaa zake wa Nanyuki, akahitaji mtu wa kukaa kibandani asubuhi. Kagure alijifunza kukanda unga, kujua nani anataka tangawizi na nani hataki. Karani wa ofisi ya elimu aliendelea kuja. Siku za kwanza alikosa mahali pa kutazama, kisha akazoea, akaanza kuleta habari zake kama zamani.

Mwezi wa pili, asubuhi moja, msichana alisimama mbele ya kibanda na mkoba mpya wa ngozi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na moja hivi, nywele zimechanwa vizuri.

"Shikamoo. Wewe ndiye Mwalimu Kagure? Naitwa Warigia. Nimewekwa darasa lako la sita, sasa ni la saba." Alitoa kikaratasi. "Mwalimu mkuu anakusalimu sana. Anasema ulikuwa na kadi nzuri za Kiingereza. Nimeambiwa nitakaguliwa Jumatano, sijapata wakati wa kutengeneza zangu."

Kagure alisoma mwandiko wa Hezekiah, akaenda chumbani, akatoa kadi chini ya kitanda. Zilikuwa zimefungwa kwa uzi mwekundu. Akazikabidhi.

"Mungu akubariki," Warigia akasema. Hakuondoka. Alishusha sauti vile vile kama Hezekiah alivyoishusha. "Na amesema watoto wameshazoea ile ya mikono. Sikutaka kuwachanganya. Ni upi wa wanaojua?"

Maziwa yalikuwa yanapanda kwenye sufuria. Kagure aliyatoa motoni kwanza, kidogo yakamwagika.

"Kulia," akasema.

"Kulia. Sawa."

"Kuna msichana mmoja, Ngendo. Huyo usiangalie mkono. Muulize tu, anajua."

Warigia alikunja uso akijaribu kukumbuka. "Ngendo yule wa pembeni? Huyo nimemuuliza tangu shule zifunguliwe, mara nne, mara tano. Hajibu. Anakutazama tu, halafu anaangalia chini. Nilikuwa nimemweka na wale wazito, benchi la nyuma." Akafunga mkoba. "Haya, Mwalimu, nisichelewe."

Alishuka na njia ya mtoni, kadi kwapani. Faduma akatoka nyuma ya kibanda na ndoo.

"Nani yule?"

Kagure alikuwa anafuta mahali maziwa yalipomwagika, anafuta na kufuta, ingawa palikuwa pameshakauka.

"Mwalimu," akasema.